Nyumba ya kubomoa: unanunua mbao, kodi inabaki

Tangazo hilo liko karibu kila mtaa wa Goma sasa. Limeandikwa kwa rangi kwenye kipande cha ubao, au kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya nguzo: «Nyumba ya mbao inauzwa, ya kubomoa.» Utaliona Majengo, Katoyi, Ndosho, Mugunga. Kila mtu anajua maana yake: nyumba inauzwa, parseli haiuzwi. Unalipa, unang'oa misumari, unapakia mbao na mabati kwenye chukudu, unaenda kusimamisha pale utakapopata nafasi. Au, kama mwenye parseli anakubali, unaiacha palepale na kumlipa yeye nafasi kila mwisho wa mwezi.

Komisioneri ana wimbo mmoja kwa wote: «Mama, utaacha kulipa nyumba za watu. Hii ni yako. Vita ikija, unaibeba.»

Wasomaji wetu wengi ni watu waliohama, na najua wimbo huo unaingia vizuri kwenye sikio la mtu aliyelala chini ya turubai. Ndiyo maana leo naandika bila kuzunguka: kwa familia nyingi, biashara hiyo ni mtego. Haimwondoi mtu kwenye kodi, haimpi haki ya mahali, na siku ya kubeba ikifika, habebi kitu.

Tuanze na kuelewa kwa nini watu wananunua, maana si wajinga. Banki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wakati mji ulipobadilika mikono, na mwenye akiba yake ndani alibaki anaitazama kwa mbali. Tangu pale mtu akipata dola 300 au 500, hataki kuziweka chini ya godoro. Anatafuta kitu cha kushika. Februari ile ile, kambi kama Bulengo na Lushagala zikavunjwa. Wengine walirudi Masisi, Rutshuru au Nyiragongo, wakakuta nyumba zao hazina mlango wala bati. Wengine hawakuwa na pa kurudia, wakaingia mjini kwa ndugu, watu kumi ndani ya chumba kimoja. Mtu wa namna hiyo akisikia neno «yako», anatoa feza.

Lakini yake ni nini hasa?

Nyumba ni vitu viwili: kile kinachosimama na pale kinaposimama. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kwenye kifungu cha 53, iliweka msingi kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Hauuzwi, na haugeuki kuwa wako kwa sababu umeukalia miaka mingi. Mtu anachopewa ni haki ya kuutumia. Kwa raia wa Kongo haki hiyo inaweza kuwa bila kikomo cha muda. Na kifungu cha 219 kikasema haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili tu, kile kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Karatasi ya mauzo yenye muhuri wa mtaa si cheti. Fishi ya parseli si cheti. Basi hata yule unayemwita mwenye parseli, mara nyingi hana mkononi ile karatasi moja ambayo sheria inaitambua. Wewe unasimamisha mbao zako juu ya haki ya mtu ambaye naye haki yake inatikisika.

Sasa tuhesabu. Bei zinatofautiana kutoka avenyu moja hadi nyingine, hivyo chukua hizi kama mfano, kisha weka za kwako. Tuseme mama mmoja amenunua nyumba ya vyumba viwili kwa dola 700. Nafasi kwenye parseli analipa dola 15 kwa mwezi. Miaka mitatu, hiyo ni dola 540. Katikati ya muda huo mwenye parseli anamwambia ahame, anatafuta fundi wa kubomoa na kusimamisha, ananunua misumari mipya na mbao za kujazia zile zilizopasuka, analipa machukudu: tuseme dola 150. Ametoa jumla ya 1,390. Mwishoni anauza, na mbao zimezeeka, anapata 300. Zimeondoka dola 1,090 ndani ya miezi 36, kusema dola 30 na kitu kila mwezi. Jirani yake aliyekuwa anapanga chumba kwa dola 30 ametumia kiasi kile kile, na hakununua hata msumari mmoja. Tena jirani huyo, siku ya kwanza hakutafuta dola 700. Alitafuta garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji iliweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kukaa kuwa kodi ya miezi 3. Kwamba wenye nyumba wengi wa Goma wanadai sita na zaidi ni habari nyingine, na tutairudilia siku yake, maana nayo ndiyo inayowasukuma watu kwenye mbao.

Watu watanijibu: «Lakini mbao zinabaki.» Zinabaki namna gani? Uliza fundi yeyote. Ubao wa mkalitusi ukipigwa msumari, ukakaa jua na mvua miaka minne, ukang'olewa, unapasuka kwenye kichwa. Unakata kipande, ubao unafupika. Ile mbao ya chini inayokaa karibu na mawe imeoza tayari. Bati lina matundu ya misumari ya kwanza, ukilipiga tena unaongeza matundu mapya, na mvua ya Goma haisamehe. Nyumba ya vyumba viwili ikibomolewa mara mbili inarudi kuwa chumba kimoja na jiko.

Na kuna vitu ambavyo havibebwi kabisa. Sakafu ya simenti haibebwi. Msingi wa mawe haubebwi. Kashipawa imeandikwa kwenye parseli ile, na mara nyingi kwa jina la mwenyewe. Lakini kinachoniuma zaidi ni choo. Yeyote aliyechimba choo Goma anajua tunachimba nini: si udongo, ni mwamba wa volkano. Vijana wanapiga nyundo na mtarimbo siku nyingi kwa mita chache, na unawalipa kwa kila hatua. Familia iliyonunua nyumba ya kubomoa inachimba choo kwa feza yake, kwa sababu watoto hawawezi kungoja, na siku ya kuondoka inaliacha shimo kwa mwenye parseli kama zawadi. Nimeona viwanja ambako wapangaji wa nafasi watatu wamefuatana, na mwenyewe leo ana choo, ana sakafu na ana ukuta wa mawe, bila kutoa franga moja.

Hapo ndipo utaona nani anahama na nani hahami. Mpangaji wa chumba akionewa, anafunga godoro, anabeba masufuria, kesho yuko avenyu nyingine. Mwenye nyumba ya kubomoa hawezi. Mwenye parseli anajua kwamba kubomoa kutamgharimu mwenzake feza ya miezi mingi, kwa hiyo anapandisha nafasi kutoka 15 kwenda 20, kutoka 20 kwenda 25, na yule analipa. Anamkataza kufungua kibanda cha makala mbele ya nyumba, anakubali. Anamwambia dada wa kijijini asilale pale, anakubali. Nyumba tuliyoambiwa inahama imemfunga mguu mwenyewe.

Tuje kwenye siku mbaya zenyewe. Mwenye parseli anauza. Hakuambii, au anakuambia jumapili na fundi wa mnunuzi anakuja jumatatu. Una karatasi gani? Wengi wana risiti iliyoandikwa kwenye daftari ya mtoto: «Nimepokea dola 15, nafasi, mwezi wa tano.» Mnunuzi mpya anasema hakukujua. Akifika kwenye ofisi ya hati za ardhi akatoa cheti kwa jina lake, sheria ile ya 1973 inampa nguvu kubwa: miaka 2 ikipita cheti hakishambuliwi tena, na mwenye malalamiko anabaki kudai fidia tu. Fidia ya nani, kwa mtu aliyekwisha kula feza na kuvuka kwenda Kampala? Tukumbuke pia kwamba katika mji huu watu wanaandika kwenye kuta zao «Parseli hii haiuzwi» kwa sababu parseli moja imezoea kuuzwa mara tatu.

Kisha mume anafariki. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimpa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokuwa anakaa na mume wake, na vyombo vya ndani. Hiyo ni sheria, na mama yeyote anayesoma hapa ashike neno hilo. Lakini nyumba ya matofali, ndugu za mume hawawezi kuitia mgongoni. Ile ya mbao wanaweza. Wanakuja na nyundo wanasema mbao zilikuwa za kaka yetu, parseli si yenu, hapa hakuna nyumba, kuna vitu tu. Saa chache baadaye mama amekaa juu ya mawe na watoto na masufuria. Anaweza kwenda kulalamika, na ana haki. Lakini anakwenda kudai kitu ambacho jioni ile ile kimeshapigwa misumari mahali pengine, na mbao hazina jina.

Naheshimu hoja moja ya wanaonipinga, na nitaijibu kwa adabu. Wanasema sisi watu wa Goma hatujengi kwa mbao kwa sababu ya ujinga. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishusha moto hadi ziwani, ikakata mji katikati. Tarehe 22 Mei 2021 ilitoka tena, ikameza nyumba upande wa Buhene, hapa kwenye mpaka wa mji na teritware ya Nyiragongo. Aliyejenga kwa matofali alipoteza mengi kuliko aliyejenga kwa mbao. Kweli kabisa. Sina shida na mbao. Wazazi wetu wengi wamezeeka ndani ya nyumba za mbao, safi, zenye rangi na maua mbele. Shida yangu ni mbao juu ya mahali pa mtu. Kuhusu kubeba, waulizeni watu wa Buhene nani alibeba nyumba usiku ule. Watu walibeba watoto. Na Januari 2025, mabomu yalipoanguka, hakuna aliyeita fundi kuja kung'oa misumari. Kubomoa nyumba vizuri kunataka siku mbili, watu watatu, na utulivu. Tofauti ni hii: moto wa 2021 ulipopoa, mwenye haki ya mahali alikuwa bado na kitu cha kudai, hata kama kilikuwa mwamba mweusi. Mwenye mbao hakuwa na kitu. Hivyo hivyo kwa moto wa kawaida, ule wa jiko la makala au waya mbovu, ambao kila msimu wa kiangazi unateketeza mistari mizima ya nyumba, hapa na kule Bukavu upande wa Kadutu. Moto ukizimika, mwenye parseli ana parseli. Wewe una majivu na deni la nafasi la mwezi huo.

Na msidhani ni mambo ya Goma tu. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale na Kakuma wanakutana na mtego huo huo, wenye sura nzuri zaidi. Kule kuna nyumba zinazotengenezwa kiwandani na kuvutwa kwa lori hadi kwenye uwanja wa mtu. Tangu Juni 1976 serikali yao kuu inazisimamia kwa kanuni moja ya ujenzi. Unanunua nyumba, uwanja unalipia kila mwezi. Katika majimbo mengi karatasi yake inafanana na ile ya gari kuliko ile ya nyumba, na mkopo wake mara nyingi ni mkopo wa kitu kinachohamishika, riba yake juu kuliko ya nyumba ya kawaida. Kuihamisha kunakula maelfu ya dola, kwa hiyo nyingi zikishashushwa mara ya kwanza hazihami tena. Makampuni makubwa yameanza kununua viwanja hivyo na kupandisha kodi, kwa sababu ile ile ninayoieleza hapa: yanajua huwezi kuondoka. Kama una shemeji Texas au Kentucky anayekutumia picha ya nyumba mpya, muulize udongo ni wa nani.

Basi nani anafaidi? Komisioneri anachukua chake pande mbili, kwa muuzaji na kwa mnunuzi, na hakuna siku utamwona kortini. Mwenye parseli anapata kodi bila kujenga. Mkuu wa mtaa, na hapa najua nitawaudhi wazee ninaowaheshimu, anapata feza ya muhuri. Anapiga muhuri juu ya «mauzo ya nyumba» bila kuuliza nyumba imesimama wapi. Mnunuzi akiona muhuri anafikiri Serikali imeshuhudia. Imeshuhudia nini? Kwamba watu wawili wamebadilishana mbao. Muhuri huo ungekuwa na maana kama mzee angeandika mstari mmoja tu chini: namba ya cheti cha parseli, jina la mwenye cheti, na sahihi yake kwamba anajua mtu huyu anakaa pale na kwa muda gani.

Mashirika ya kiutu nayo yasijifiche nyuma yetu. Mara nyingi tunaona mbao, turubai na misumari vinagawiwa kwa familia zilizohama, watu wanapigwa picha, gari linaondoka. Swali la mahali linaachwa kwa mama mwenyewe aende kujadiliana na mwenye kiwanja, akiwa na mtoto mgongoni na bila neno la kumsaidia. Miezi sita baadaye mwenye kiwanja anataka nafasi yake, na zile mbao za msaada zinauzwa kwa bei ya kuni. Anayetoa mbao angeanza na karatasi ya mahali. Siku mbili za mtu anayejua sheria zingelinda kazi ya miezi.

Najua kuna msomaji anayesema: ndugu mwandishi, maneno ni mazuri, lakini mimi nina dola 400 na watoto watano, parseli hata Mugunga siipati kwa hizo. Sawa. Kama huna njia nyingine, nunua, lakini nunua mbao kwa bei ya mbao. Hesabu ubao kwa ubao, bati kwa bati, kama vile uko sokoni, na usilipe hata dola moja kwa ajili ya sakafu, msingi au choo, maana hivyo havikufuati. Usiongee na mlinzi wa kiwanja wala mpangaji wa mbele. Ongea na mwenye cheti, na mke wake au mume wake awepo, na mtoto mkubwa kama wazee ni wagonjwa. Iandikwe utakaa miaka mingapi, utalipa ngapi na itapanda lini, utapewa miezi mingapi kabla ya kuondolewa, na kama wewe ndiye uliyechimba choo, atakurudishia nini. Majina ya mume na mke yote mawili yaingie kwenye karatasi ya mbao, ili siku ya msiba nyundo za ndugu zikutane na maandishi. Mwenye parseli akikataa kuandika, amekwisha kukuambia anachofikiri juu yako. Panga chumba, endelea kuweka akiba.

Wiki hii nitapeleka nakala ya maandishi haya kwa wakuu wa mitaa minne ya magharibi ya mji, na swali moja la kujibu kwa wasikilizaji: wako tayari kukataa kupiga muhuri kwenye mauzo yoyote ya nyumba ya kubomoa ambayo hayana sahihi ya mwenye cheti cha parseli? Majibu yao tutayasoma hapa, jina la mtaa kwa jina la mtaa, na atakayekaa kimya tutaandika kwamba alikaa kimya.